Jumatatu ya Mwisho ya Shangazi Mtoni

Kila asubuhi, kabla hajaondoa kitambaa kinachofunika cherehani, shangazi humpigia simu mlinzi wa bwawa la umeme.

"Maji vipi leo?"

"Yapo palepale mtoni, mama fundi," hujibu mlinzi, akacheka mwenyewe. Kisha humwambia kama wamefungulia maji ya bwawa yashuke mtoni au la.

Siku sita shangazi hushona sare za shule, Jumatatu huvua. Huvua kwa nzi bandia, vindoano anavyovifunga nyuzi na unyoya kwenye meza ileile ya kukatia vitambaa. Anataka samaki aina ya trauti waliozaliwa mtoni tu, wale wenye rangi za upinde wa mvua ubavuni. Wa kufugwa, anasema, wana akili za kuku. Kwa miaka mitatu mto ule mpana umemrudisha mikono mitupu, na mwezi uliopita daktari alimwambia magoti yake hayawezi tena maji baridi. Akaomba Jumatatu moja ya mwisho.

Nilimfuata na wavu. Aliingia hadi kiunoni, akawa anarusha mshipi kuelekea katikati, samaki walikokuwa wakiruka. Kila mara mkondo uliunasa mshipi na kumburura nzi kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na trauti hagusi nzi anayeburutwa. Saa nne zikaisha hivyo.

"Wananidharau hawa. Hata kunusa hawanusi."

"Labda wameshiba, shangazi."

"Wewe shika wavu."

Nikashika wavu. Ndipo nilipoona pua ya trauti ikichomoza nyuma yetu, ukingoni kabisa, kwenye maji ya kufika magotini tuliyoyakanyaga asubuhi tukikimbilia kilindini. Nikamgusa bega. Aligeuka, akatazama, akatukana kwa sauti ndogo. Miaka mitatu alikuwa akiwapita njiani.

Akarusha. Safari hii nzi aliteleza juu ya maji yaliyotulia, hakuburutwa. Samaki akainuka polepole, mkubwa, mdomo wazi. Kabla hajaufumba, shangazi akavuta. Nzi akaruka hewani, akanasa kwenye kofia yake.

Tulisimama hadi maji yaliyofunguliwa bwawani yalipoanza kupanda. Hakuchomoza mwingine. Shangazi akakaa juu ya jiwe nimvue viatu. Magoti yalikuwa yamevimba. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba trauti huachwa afumbe mdomo kwanza.

"Kwa nini hukumsubiri, shangazi?"

"Nilikuwa nimechoka kusubiri," alisema.