Dakika Hamsini za Injinia

Maziwa ya ngamia yaliyofungiwa siku nzima ndani ya mtungi wa plastiki, kisha yakarudishwa na basi la Nairobi, yana harufu inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara tatu. Mwanzo ni uchachu wa kawaida, ule tunaoupenda sisi Waborana, halafu unakuja uvundo wa kitu kilichokufa. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, likizo moja ya kiangazi mjini Isiolo, nilipokuwa nikisaidiana na mama kumwaga maziwa yaliyorudishwa, nyuma ya stoo ya kikundi chao kule Kiwanjani. Mbwa walikuja, wakanusa, wakaenda zao. Watu huniambia hasira hasara, nami huitikia kwa adabu, lakini hasira ya likizo ile nimeitunza mpaka leo na hasara yake sijaiona.

Mama alikuwa mwenyekiti wa wanawake kumi na wawili wauza maziwa. Hakujua kusoma, lakini maziwa aliyajua. Kila asubuhi saa mbili pikapu ilileta maziwa kutoka Kulamawe, naye alifungua mtungi mmoja mmoja, akanusa, akaonja tone mgongoni mwa mkono, akasema huu uingie, huu urudi. Mitungi mitupu aliifukiza mwenyewe kwa moshi wa mzeituni mwitu, kama bibi yake alivyovifukiza vibuyu, kwa sababu moshi huo huyatunza maziwa na kuyapa ladha. Kisha maziwa yalichemshwa kwa sufuria kubwa juu ya makaa mpaka yapande, yakapoa, na saa sita yakapakiwa kwenye basi. Wateja wa Nairobi walikuwa wakiuliza kwa jina kama mzigo umetoka kwa Mama Talaso. Talaso ni mimi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja na gari jeupe na mashine ya kuchemshia maziwa kwa stima, lita mia kwa mara moja. Alikuwa afisa wa mradi mmoja wa maendeleo na sote tulimwita Injinia, naye alilipenda jina hilo kupita kiasi. Alibandika ukutani karatasi ya hesabu zake, akategesha mashine ijizime yenyewe baada ya dakika hamsini, akakataza mtu yeyote asifunue mfuniko eti uchafu utaingia. Siku ya kwanza mama alishika mtungi uliojazwa kutoka kwenye mashine, akakunja uso.

“Hii maziwa haijachemka,” alisema. “Ni moto ya mwili tu.”

“Mama, hii si sufuria,” Injinia alimjibu akicheka. “Hii ni sayansi.”

Wanawake nao wakacheka. Mzigo wa siku hiyo ulirudi kesho yake, umeoza.

Injinia hakuiangalia mashine hata kidogo. Aliingiza kidole kwenye mtungi, kikatoka na weusi wa moshi, akawaonyesha wanawake wote kidole kile. Uchafu ndio huu, alisema. Mama aliacha kufukiza. Aliisugua mitungi kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole vikachubuka, na maziwa yakazidi kuharibika, maana sasa hata moshi wa kuyakinga hayakuwa nao. Ndipo minong'ono ikaanza, kwamba mwenyekiti ni mchafu na anakaidi maagizo. Jamani, mama yangu! Mwanamke aliyekuwa akiosha hata kamba ya kufungia mtungi.

Muhula uliotangulia likizo hiyo Mwalimu Kinoti, mwalimu wetu wa fizikia kutoka upande wa Meru, alikuwa ametufundisha kwamba joto na stima ni nishati ile ile inayopimwa kwa vipimo tofauti. Alitupigia kelele wiki nzima tusichanganye kalori na juli. “Debe si kilo!” alikuwa akisema, akigonga ubao. Basi nikaenda stoo na daftari, nikanakili karatasi ya Injinia neno kwa neno. Lita mia, zipande digrii sitini, zinahitaji kilokalori elfu sita. Hapo alikuwa sawa. Halafu akagawanya kwa elfu tatu na mia sita, ambazo ni kilojuli zilizomo ndani ya yuniti moja ya stima, kana kwamba kilokalori na kilojuli ni kitu kimoja. Akapata yuniti moja na theluthi mbili. Mashine ilikuwa ikitoa yuniti mbili kwa saa, kwa hiyo dakika hamsini. Lakini kilokalori moja ni kilojuli nne nukta mbili. Maziwa yale yalihitaji yuniti saba, yaani saa tatu na nusu. Kwa dakika zake hamsini yalikuwa yakipanda digrii kumi na nne tu, kutoka kama ishirini na tatu, yakawa na joto la mwili, kama mama alivyosema kwa mkono wake, na katika joto hilo vijidudu hustawi. Niliirudia hesabu mara nne. Nilidhani nimemwokoa mama.

Mkutano ulifanyika Jumatatu baada ya pikapu kufika. Nilisimama na daftari langu, nikasema karatasi ina kosa. Injinia hakulipokea daftari. “Wewe mtoto, unajua kushinda injinia?” aliuliza, na wote wakamgeukia mama kuona kama ndivyo alivyonilea. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema polepole, “Talaso, nyamaza. Omba Injinia msamaha.” Nikaomba. Kisha mama akaambiwa aombe msamaha kwa ajili ya uchafu, naye akaomba, akakabidhi uenyekiti na ufunguo wa stoo kwa mwenzake, na tukatembea mpaka nyumbani.

Wiki mbili baadaye karatasi mpya ilikuwa ukutani. Dakika mia mbili na kumi, zile zile saa tatu na nusu. Hakuna aliyesema imebadilika kwa nini, wala hesabu hiyo ilikuwa imeandikwa kwanza kwenye daftari la nani. Maziwa yakaacha kurudi, na kikundi kizima kikasema kumbe mambo yalihitaji mwenyekiti msafi.

Leo ninafundisha fizikia mimi mwenyewe. Wanafunzi wangu wana simu zinazobadilisha kalori kuwa juli kabla sijamaliza kuandika swali, na msichana akinisahihisha ubaoni humpa chaki na kumwambia aendelee. Hilo ni jema, silikatai. Mwaka jana nilikaa na mama nikamfanyia hesabu ile tena, taratibu, kwa Kiborana, mpaka akaielewa yote. Akauliza, “Na wale wengine wa kikundi unawaambia lini?” Nikawahesabu kichwani. Saba kati yao tumekwisha kuwazika, na wote saba walikufa wakiamini kwamba mama yangu alikuwa mchafu.