Fundo la Mwenye Chupa

Katika zahanati yetu dawa ilikuwa bure, lakini chupa ilikuwa yako. Dresa, bwana aliyefunga vidonda na kutibu homa, alimimina dawa ya maji katika chupa uliyokwenda nayo, kisha akabandika ubavuni ukanda wa karatasi uliokatwa meno sita, jino moja kwa kila kipimo. Kibuyu alikikataa, kwa sababu macho hayapenyi kibuyu. Asiye na chupa alirudi na kikohozi chake.

Nilikuwa nimeolewa karibuni katika kijiji kimoja cha njia iendayo mji mdogo wa Mbingu, na kijiji kizima kilikuwa na chupa moja safi yenye kizibo. Ilikuwa ya jumbe. Aliiazimisha kwa yeyote, hakuwa mchoyo, ila kwa sharti kwamba ikirudi na dawa ipitie kwake kwanza, apige fundo. Hakuwa mgonjwa.

"Dawa ni ya serikali," alisema, "na hapa serikali ni nani?"

Hivyo alikunywa dawa ya kikohozi ya watoto, dawa ya minyoo ya jirani, na siku moja dawa ya kumwongezea damu mwanamke mjamzito, ambayo alisema ilimfaa kuliko zote.

Mama mkwe wangu alikohoa tangu mvua zilipoanza. Sasa mpunga ulikuwa unatoa masuke na ndege wameshauona. Kuamia ndege ni kazi ya koo: unakaa juu ya dungu tangu alfajiri ukipiga kelele, na ukinyamaza kidogo shamba limekwisha. Mama akifungua kinywa kilitoka kikohozi, na ndege hawaogopi kikohozi. Mimi nilijitahidi, lakini sauti yangu ilikuwa ya mgeni na ndege walijua.

Mara tatu tulikwenda zahanati, mara tatu tulirudi na meno sita. Tukitoka kwa jumbe yalibaki matatu.

Safari ya nne mama alimwambia dresa kwamba tumbo limefunga.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu jumbe aanze kunitibu."

Dresa hakucheka. Alijaza chupa haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo, na habari ya kikohozi hakuigusa.

Tulimkuta jumbe barazani kwake amevaa kanzu mpya. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja saa tisa kukagua vyoo. Amri ilisema kila nyumba ichimbe. Waliochimba walikuwa wachache. Jumbe alikuwa na choo cha mfano, chenye mlango na kufuli, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukitumia, yeye mwenyewe akiwemo.

"Leo kali," alisema baada ya fundo la kwanza.

"Wameizidishia nguvu, mzee," mama alijibu kwa adabu.

"Yenye nguvu ndiyo dawa." Akapiga mafundo mengine mawili, na safari hii chupa tukamwachia.

Hakuuliza ni dawa ya nini. Hakuwahi kuuliza.

Bwana Shauri alipofika tulikusanywa uwanjani. Jumbe alianza kueleza maendeleo ya vyoo, akanyamaza katikati ya maneno, akapapasa mfuko kutafuta ufunguo. Alirudi, akaanza upya, akaondoka upya. Mara ya nne hakuhangaika tena kufunga kufuli. Bwana Shauri aliandika katika daftari lake, kisha akatuambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba amezunguka bonde lote na hajaona kiongozi anayetumia choo chake kwa bidii namna hii, na kwamba sisi sote tumfuate.

"Tutamfuata," mama alisema, "akitoka."

Kesho yake chupa ililetwa kwetu imeoshwa, pamoja na salamu za jumbe kwamba ikae kwa mama mpaka apone. Tulirudi zahanati tukaomba dawa ya kikohozi. Safari hii mama alikunywa meno yote sita, akaongeza chupa ya pili, na kabla mpunga haujakomaa sauti yake ilikuwa inasikika hadi mtoni. Ndege walihamia kwa majirani. Tulivuna.

Jumbe hakuiulizia tena ile chupa. Wa kwanza kuja kuiazima alikuwa mwanamke wa nyumba ya pili, naye jioni aliirudisha imejaa, akasimama mlangoni kusubiri. Mama aliipokea, akaiinua kwenye mwanga, akainusa.

"Hii ya nini?"

"Ya kikohozi, mama."

Akapiga fundo.