Zoezi Lisilo na Maneno

Kazini kwao wote walimwita Mpwa, hata wale wadogo waliopaswa kumwamkia. Jina lilitoka kwa mwenye ofisi, kaka wa mama yake wa tumbo moja, ambaye naye wote walimwita Mjomba kana kwamba wote walizaliwa na dada zake. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akamsomesha, akamfundisha kuchora katuni, akampa kompyuta iliyo karibu na dirisha. Mtu kama huyo unaanzaje kumwambia umechoka?

Na Mpwa alikuwa amechoka, tena amechoka hasa. Kazi yake ilikuwa kusafisha michoro ya wenzake: kunyoosha mstari uliopinda, kumrudishia mhusika kidole kilichosahauliwa. Mhusika wa kwake, wa kumtia roho tangu mwanzo, hakupewa hata siku moja, kwa kuwa Mjomba alisema hakuna mwenye jicho la kusafisha kama yeye. Sifa nyingine bora usipewe. Sasa kuna watu wa ofisi nyingine waliomtaka akawatie roho wahusika, na jibu walilitaka kabla ya jioni ya siku hiyo.

Si kwamba hakujaribu. Aliingia ofisini kwa Mjomba mara kadhaa, akavutiwa kiti, akaulizwa kama amekula, akamiminiwa chai, kisha akatoka na kikombe mkononi na neno lake likiwa palepale kooni. Leo alikuwa amepiga moyo konde. Kikao cha kukosoana kikiisha tu, anasema, liwalo na liwe.

Kikao hicho kilikuwa na sheria moja: mwenye kazi hafungui mdomo mpaka wenzake wamalize. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mgeni, mama mmoja aliyeajiriwa karibuni na bado hajapachikwa jina jingine. Zoezi lenyewe lilikuwa fupi. Mtu anaingia kwa bosi kusema jambo, anatoka hajalisema. Hakuna maneno wala sauti, mwili ndio useme.

Wakazima taa. Kwenye skrini akatokea mwanamke wa katuni, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi. Watu wakaanza kucheka. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akavuta mkono wa blauzi mpaka ukafunika kiganja, akafungua mdomo, akaufumba, kisha akajitia kupanga karatasi za bosi wake zilizokwisha kupangika. Bosi akapiga meza kwa ngumi. Mwanamke akainuka, akashukuru, akatoka kinyumenyume.

Mpwa alitazama mikono yake mwenyewe pale gizani. Vidole vilikuwa vimeshika mkono wa blauzi. Ndipo akakumbuka kwamba meza ya Mgeni inatazamana na ukuta wa kioo wa ofisi ya Mjomba, na aibu ikamshika mwili mzima, kama mtu aliyechunguliwa akioga.

Mjomba alicheka hadi akafuta machozi. "Lakini siamini," akasema taa zilipowashwa. "Mtu mzima, na akili zake timamu, ashindwe kutoa neno moja? Hapa umetia chumvi, mama."

"Bosi mwenyewe si simba yule?" mchora mandhari akadakia. "Hata mimi ningetoka mbio."

"Mpwa, mbona kimya?" Mjomba akauliza. "Wewe unaonaje?"

Mgeni aliinamisha kichwa. Sheria ilimziba mdomo, na macho yake yalikuwa yanaomba radhi. Mpwa angeweza kusema ndiyo, ametia chumvi, yakaisha. Ila kwenye kazi hajui kudanganya, na hilo ndilo lililomponza.

"Hajatia chumvi," akasema. "Mwanamke yuko sawasawa. Aliyekosewa ni bosi. Mgeni, umemchora mkali mno. Mtu akikukaripia, unamjibu, unabamiza mlango, unakwenda zako. Mfanye mwema. Amvutie kiti, amuulize kama amekula. Hapo ndipo atakapokwama."

Mjomba akapiga makofi, moja baada ya jingine.

"Mmesikia jicho hilo? Ndiyo maana huyu simwachii mtu, hata mnipe nini!"

Wakampigia makofi wote. Mpwa alitabasamu huku akijilaani. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na ameufunga kwa mkono wake.

"Haya, tumuonyeshe Mgeni," Mjomba akasema, akajitengenezea meza ya bosi katikati ya chumba. "Mimi bosi, wewe yule dada. Mgeni, washa kamera ya simu, utachora upya kwa kuitazama video."

Mpwa akaingia. Mjomba akainuka, akamvutia kiti, akamgusa bega. Hakuwa anaigiza hata kidogo, ndivyo alivyo, na macho aliyomtazama nayo yalikuwa macho ya marehemu mama yake Mpwa. Mpwa akaketi. Akaona asiposema sasa, hasemi tena.

"Mjomba, nimepata kazi kwingine. Naondoka."

Mkono wa Mjomba ukaganda juu ya kiti. Kwa muda mfupi alionekana mzee. Kisha akawageukia wengine, akacheka.

"Aa, wewe nawe! Zoezi halina maneno hili. Umeliharibu, mwanangu."

Wakaangua kicheko. Mgeni peke yake hakucheka. Alikuwa ameshusha simu.

"Turudie," Mjomba akasema taratibu, akirudisha kiti mahali pake bila kumtazama. "Safari hii usiseme kitu."

Mpwa akatoka nje. Korido ilikuwa tupu, na ngazi za kushukia zilikuwa mbele yake, hazina mtu. Alisimama akazitazama. Akavuta mkono wa blauzi mpaka ukafunika kiganja, akageuka, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

Ile video ya pili ilitoka safi, na ndiyo waliyoitumia.