Upande wa Kushoto wa Dora

Asukile Mwakibinga alichechemea tangu mwaka 1954 mpaka siku alipozikwa, na ukimwuliza kisa alisema, "Hii ni zawadi ya mwanamke mmoja anaitwa Dora." Ikupa, mkewe, alimwacha aringe kidogo, kisha akamalizia: "Mwanamke mwenye mkia."

Dora alikuwa farasi jike wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la pareto nje ya Igowole. Wafanyakazi walimwita yule mzungu Bwana Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Asukile alitoka Rungwe kuja kukamua ng'ombe wake, na kwa ng'ombe, tuseme ukweli, hakuwa na mpinzani, wala hakuona haya kulisema hilo. Alikulia nyumba moja na ndama. Farasi kwake alikuwa ng'ombe asiye na pembe wala maziwa, yaani hasara tupu.

Saisi, yule mtunza farasi, alikuwa Mzee Sedekia wa Kihesa. Mwezi wa saba Dora aliteleza kwenye mtaro, kiuno kikashikana upande wa kushoto, akasimama bandani hataki kupiga hata hatua moja. Wiki ileile kifua kikambana Mzee Sedekia, akapakiwa kwenye lori kupelekwa hospitali ya Tosamaganga. Kabla ya kupanda aliukamata mkono wa Asukile.

"Mwanangu, mchue kila siku. Asikie sauti yako kabla hajasikia mkono. Nikirudi nimkute."

"Utamkuta, mzee. Naapa."

Kuapa ni rahisi. Jumatatu Bwana Kofia alikuja bandani na Kiswahili chake. "Mimi ngoja mpaka Jumamosi. Yeye hapana tembea, mimi piga bunduki. Mimi hapana taka yeye teseka." Akageuka haraka, maana machozi yalikuwa karibu.

Sasa, aliyekulia na ng'ombe anajua kwamba ng'ombe hurusha teke kwa pembeni. Mahali pa salama ni nyuma kabisa, penye mkia. Asukile akaenda kimya kimya akasimama papo hapo, akabonyeza panapouma. Sijui nani alimdanganya kwamba farasi naye ni hivyo! Alijikuta amelala ukutani juu ya samadi, paja la kulia linawaka moto.

Jioni ile Ikupa alimkanda. Kambini kwa wafanyakazi yeye ndiye aliyewakanda wanawake waliojifungua kwa maji ya moto, na mkono wake ulisifiwa. Asukile alikaza meno akingoja ashike paja. Ikupa akaanza begani, akashuka mgongoni, huku anasimulia habari za maharage ya jirani, na alipofika pajani nyama ilikuwa imeshalegea yenyewe.

"Mbona hujaanza panapouma?"

"Panapouma pananiogopa, Baba Tusekile. Naanza pasiponiogopa."

Asukile akatazama mlango kama umefungwa, kwa sababu kukanda ilikuwa kazi ya wanawake. "Nifundishe," alinong'ona.

"Kwa hiyo unaona haya? Mficha uchi hazai. Lete mikono."

Kuanzia Jumanne alianzia shingoni kwa Dora, akimsemesha Kinyakyusa, akisukuma kwa kisigino cha kiganja, macho kwenye masikio yake. Shingo ililegea. Bega likalegea. Upande wote wa kulia ukalegea. Lakini kila alipozunguka kufika kiuno cha kushoto, mkono ulirudi wenyewe, naye akajiambia kesho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ijumaa Dora alikuwa bado amesimama palepale, na Asukile hakula.

Ikupa alikuja bandani kujionea. "Hii farasi umeichua nusu," alisema.

"Mkono unatetemeka. Nafanyaje usitetemeke?"

"Wacha utetemeke. Ila usiutoe."

Jumamosi alfajiri kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Asukile aliweka kiganja shingoni, akakiburuta mgongoni bila kukinyanyua, akapita upande wa kushoto. Aliogopa. Kwato zilikuwa karibu na paja lake lile lile. Kiganja kikalikuta fundo, gumu kama jiwe la kusagia. Dora akalaza masikio nyuma, akanyanyua mguu. Mkono ulitetemeka, lakini haukutoka.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Kofia aliingia na bunduki, akaenda kusimama nyuma kabisa, penye mkia. Dora akakakamaa mwili mzima.

Kwa miaka mitatu Asukile hakuwahi kumwambia mtu yule zaidi ya "ndiyo, Bwana." Mzungu akikasirika, mtu na familia yake wangelala njiani siku hiyohiyo. Asukile alisema bila kugeuka:

"Bwana, toka hapo nyuma. Bunduki weka nje."

 Kwato bado iko juu.

"Na kofia. Inamtisha."

Mgiriki akatoka. Aliporudi, mikono mitupu, upara wake uling'aa mweupe kama yai, na hakuna aliyecheka. Asukile akaegemeza uzito wake wote kwenye fundo, polepole, akihesabu pumzi za farasi badala ya zake. Fundo likahama. Likalainika. Dora akashusha kwato, akainamisha kichwa, akatafuna mate na kushusha pumzi ndefu. Asukile akashika kamba. Hatua ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili ndefu kidogo, na hivyo hivyo, kwa kuchechemea wote wawili, wakafika langoni. Mgiriki alilia waziwazi, kofia iko chini.

Mzee Sedekia alirudi mwezi wa tisa, amekonda. Hakuingia nyumbani kwanza. Alikwenda bandani, akamsemesha Dora, akapitisha mkono mpaka kiuno cha kushoto, akauacha hapo.

"Hapa umemchua wewe?"

"Mimi, mzee."

"Mkono ulitetemeka?"

Asukile alitaka kudanganya. "Ulitetemeka sana."

Mzee akamwita asogee, akauweka mkono wa Asukile juu ya wake, palepale kwenye mwili wa farasi. Wa mzee ulikuwa unatetemeka.

"Mwaka wa ishirini na mbili huu nachua farasi, na haujaacha," alisema.