Mbuzi ya Nazi Iliyokwenda Uganda

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mmekaa. Habari ya safari haisomwi mtu amelala chali. Siku hizi mnafungasha asubuhi, jioni mko nchi ya watu, na bado mnapiga simu kulalamika kwamba mmechoka. Basi tulieni niwaeleze jinsi nyumba yetu ya Kurui ilivyojiandaa kuhamia Uganda, zama za Mwingereza, na nani alifika na nani hakufika.

Nimekumbuka kwa sababu ya mahindi. Juzi mkaza mwanangu alikuwa akiteremsha mahindi ya mbegu kutoka darini, juu ya mafiga, pale tunapoyaning'iniza mawili mawili yapigwe na moshi, fukusi wasiyaguse. Ganda la hindi lililokaa moshini msimu mzima lina harufu yake, kavu, chungu kidogo, kama nguo ya mtu aliyelala karibu na moto. Ilipopita puani mwangu nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Chai ikapoa mkononi, na mimi nikawa mtoto tena.

Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa barabara aliyekaa Kisarawe mjini. Mwisho wa wiki alikuja nyumbani kwa baiskeli, ananukia siagi. Kwetu hakugusa chungu. Alikuwa akisema mwanamume akipika kwa mshahara ni kazi, akipika bure ni maradhi. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, barabara zinachongwa kila mahali, na Mzungu wake akahamishiwa Uganda. Akasema haendi bila mpishi wake. Huko kulikuwa na mshahara mzuri zaidi na nyumba ya matofali. Baba akatuita uani, akasimama kama askari anayesoma amri.

"Tunahama," akasema. "Nyumba nzima. Mimi, mama yenu, Mwamvita, Shomari na huyu mchanga wa mgongoni."

Mwamvita ndiye mimi. Shomari ni mdogo wangu anayenifuata. Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake akichambua kunde. Akauliza mtarudi lini. Baba akasema, "Tutaangalia." Mama aliendelea kuanika nguo, ila ile kanga aliyokuwa ameishika aliikamua mara mbili, na ilikuwa imekwisha kukamuliwa.

Yakaanza maandalizi. Baba alikuwa mtu wa utaratibu, kazi ya Wazungu ilimtia utaratibu mpaka kwenye mifupa. Alisema mtu hahami kwa miguu kwanza, huhama kwa tumbo. Uganda hakuna nazi. Chakula chao ni ndizi, na mchuzi wao ni wa karanga. Kwa hiyo, kuanzia siku ile, nazi marufuku katika nyumba yake, tujizoeze. Akaichukua ile mbuzi ya kukunia nazi, akaipandisha darini pamoja na mahindi ya mbegu.

Nyinyi mliozoea chipsi hamjui adhabu ile. Mtoto wa Kizaramo kula kisamvu kisicho na tui! Kilikuwa kama majani ya mbuzi, tena mbuzi asiye na njaa. Maharage yalikaa kooni. Shomari alilia kwa adabu, machozi bila sauti, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo tunalicheka:

"Baba, watu wa Uganda wakifunga Ramadhani, wanafuturu nini hasa?"

Baba akaona Mama hapiki ndizi inavyotakiwa, basi Jumamosi moja akaingia jikoni mwenyewe. Habari ikatembea kijiji kizima. Wanawake wakapata sababu ya kuazima chumvi, kuazima moto, kuazima kisu, ili wapite waone mume wa mtu amechuchumaa anafunga ndizi kwenye majani. Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyehamia kwetu baada ya kazi ya mkonge, mtani wetu halisi, akaja na kiti chake kabisa.

"Wazaramo mmekwisha," akasema. "Nazi mmeacha, mwanamume yuko jikoni, bado kuvaa gauni."

"Kula, acha maneno," Baba akamwambia.

Maganga akala, akalamba vidole, akaomba tena. Halafu akasema lile ambalo watu wengine walicheka na Mama hakucheka: "Hatari ya ndizi hizi ni moja. Wanaozionja hawarudi. Kwetu kule ninawajua, wake zao mpaka leo wanafagia njia."

Kulikuwa na zoezi la salamu pia. Baba alisikia kwamba huko mwanamke humpigia magoti mkubwa anapomsalimu, magoti kamili mpaka chini. Akatuamuru mimi na Mama tujizoeze kwa Bibi kila asubuhi. Nikapiga magoti mlangoni pake, nikasema shikamoo. Bibi akasema, "Marahaba. Umeangusha nini?" Nikamwambia ndiyo salamu ya Uganda. Akasema, "Basi nyanyuka, hapa bado Kurui. Kachote maji."

Nilikuwa na hamu ya kwenda, sitawaficha. Baba alitununulia viatu vya raba kwa Mhindi wa Kisarawe, mimi na Shomari, vyeupe. Nilivivaa uani asubuhi na jioni, nilivifuta kwa kanga ya Mama, na wasichana wenzangu niliwaambia nikifika huko nitapanda meli juu ya ziwa. Hakuna aliyekuwa ameona ziwa. Nilisema uongo mwingi kuhusu ziwa.

Safari ilipokaribia, Mama akaanza kufunga mizigo. Akashusha mbuzi ya nazi kutoka darini, akaitia chini kabisa ya kapu, akaifunika kwa nguo za mtoto. Baba akaiona.

"Mama Mwamvita, hiyo ya nini? Nimekwambia huko hakuna nazi. Utakuna nini?"

"Sitakuna," Mama akasema. "Nitaikalia."

Baba akacheka, akaiacha. Mimi nikacheka pia, maana niliona mama yangu ni mshamba.

Kesho yake Bibi akatuita sote. Alikuwa ametandika mkeka, amejifunga vizuri, na mbele yake ameweka hindi moja la mbegu. Nikajua lipo jambo.

"Mwanangu," akamwambia Baba, "mimi sikukatazi riziki. Lakini mkulima akihama habebi mbegu yote. Ikifa huko, atarudia nini? Niachie mtoto mmoja."

Baba akabisha kwa heshima. Akasema watoto ni wake, nyumba ipo, shule ipo. Bibi akawa kama hasikii, anapukuchua lile hindi punje moja moja. Mwisho Baba akachoka, akasema, "Haya. Abaki Shomari, ni mwanamume, atakusaidia shamba. Mwamvita siwezi kumwacha, huyu ndiye jicho langu."

Nikashusha pumzi. Ndipo Mama akasema, haraka, macho yake yako kwenye mkeka:

"Shomari anakohoa, ataniumiza roho. Abaki Mwamvita."

Sikuamini. Nilimtazama Mama nikingoja anitazame. Hakunitazama. Baba akafungua mdomo, Bibi akasema, "Mama mtu ameshasema," shauri likafungwa hapo. Nikatoka, nikakaa nyuma ya jiko na viatu vyangu miguuni. Bibi angenitaka yeye, ningeelewa, wazee ndivyo walivyo. Lakini aliyenitaja ni aliyenizaa.

Siku ya kuondoka tuliwasindikiza mpaka Kwala, kwa shangazi yake Baba, wapandie treni pale. Kabla ya kutoka Kurui, Bibi alikoroga unga wa mtama na maji, akamimina njiani, akawataja waliolala makaburini wawachunge wasafiri. Halafu Mama akamkabidhi Bibi furushi dogo. Ndani yake zilikuwamo kanga mpya, doti nzima, bado ina harufu ya dukani. Nikanyoosha mkono. Mama akanipiga kidogo kiganjani.

"Si zako. Bado."

Ndiyo maneno aliyoniachia mama yangu. Treni ilipokuja alipanda mgongo wake ukiwa kwetu, mtoto amelala juu yake, na lile kapu lenye mbuzi ya nazi akalikumbatia kwa mikono miwili. Baba ndiye aliyelia dirishani, mbele za watu. Viatu vyangu nilivivaa kuchotea maji mpaka vikatoboka.

Nikaishi na Bibi. Hakunidekeza, nami ndivyo nilivyolea wanangu, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Salamu zilikuja, na nguo zilikuja. Baba aliagiza kila mara kwamba mambo mazuri, kwamba Mzungu anamtaka aendelee, kwamba huenda akapata kiwanja kule kule. Bibi akisikia habari ya kiwanja ananitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama mtu anayeangalia muhogo kama umekomaa.

Mwaka nilipovunja ungo, Bibi akaniweka ndani kama desturi yetu. Mwali wa Kizaramo akishawekwa ndani haoni jua mpaka atolewe kwa ngoma, na hatolewi wazazi wakiwa mbali. Mama lazima awepo kumtoa, baba lazima awepo kumpokea mbele ya ukoo wote. Baba atakayemwacha mwanawe aozee ndani kwa sababu ya mshahara, jina lake litatukanwa mpaka Mzenga. Bibi akapeleka habari. Nilikaa gizani, ngozi ikawa nyororo, sauti ikawa ndogo, nikawa nasikia kila unyayo unaopita nje.

Wakaja. Shomari alikuwa amekuwa mrefu, anachanganya Kiswahili na maneno ya kule. Mama aliingia kwanza kwenye chumba changu, kabla ya kusalimia mtu. Akalichukua lile furushi alilomkabidhi Bibi, akafungua zile kanga, akanifunga mwenyewe, kiunoni na kifuani, akaniambia, "Sasa ni zako." Nikatolewa. Baba alicheza ngoma mpaka kofia ikaanguka.

Likizo ya Baba ilipokwisha, Mama hakufunga kapu; mbuzi ya nazi alikuwa ameshairudisha jikoni. Alimwambia Baba kwamba mwali akishatolewa huchumbiwa, na binti hachumbiwi mama yake hayupo. Ukoo mzima ukasema kweli. Baba akarudi Uganda peke yake, akapika mwaka mmoja kwa upweke, kisha akaja na baiskeli mpya na kiwanja hakukitaja tena.

Nilikuwa nimekwisha kuzaa watoto watatu nilipopata ukweli. Tulikuwa tunaning'iniza mbegu, mimi na Mama, moshi unatutoa machozi. Nikamwuliza mbona siku ile alinitaja mimi. Akafunga mahindi mawili, akayatundika, ndipo akajibu.

"Bibi yako hakuwa na habari ya mbegu. Mimi ndiye niliyemwendea nikamwomba aseme. Baba yako angeweza kuacha nyumba, angeweza kuacha shamba, hata mama yake angemwacha. Mwali asingeweza kumwacha. Na kati ya watoto wote, alikupenda wewe kupita kiasi."

"Na mimi, Mama?"

"Ndiyo maana sikukutazama. Ningekutazama, ningeghairi."

Nilimpa hindi jingine akalifunga. Nilikuwa nimemwona mshamba na kumbe nyumba nzima aliifunga kamba, akaivuta kutoka Uganda mpaka mlangoni pake, na kamba yenyewe ni mimi. Ilifanya kazi. Kamba nayo iliuma, hilo pia liandikwe.

Sasa mjukuu wangu anahamia nchi ya baridi na mkewe na watoto wao wawili. Wiki nzima nyumba imejaa masanduku na makoti. Juzi, mahindi yale yakiwa bado yako sakafuni, akaja kwa adabu, akapiga magoti, akasema, "Bibi, tumeshauriana. Tukuachie huyu mdogo, awe mbegu ya nyumba." Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa amevaa viatu vipya, anajitazama miguu.

Nikawaita wote, wa jikoni na wa uani, nikawapa amri mara moja tu: "Watoto wote wanaondoka na wazazi wao. Ile mbuzi ya marehemu mama yangu itoeni jikoni, ifuteni masizi, itieni chini kabisa ya sanduku lao. Wakikosa nazi, wataikalia."