Mkalimani na Mtungi wa Gesi

Naserian alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita, akigeuza Kimaasai cha mashahidi kiwe Kiswahili cha hakimu. Alipostaafu akarudi kwake Moshono, ila ulimi wake haukukubali kustaafu.

Jirani yake Philemoni, muuza vifaa vya ujenzi, aliwahi kumjia mbio akisema majambazi wamempora televisheni.

"Walikushika?" Naserian akauliza.

"Wanishike wapi? Nilikuwa kanisani!"

"Basi hukuporwa, umevunjiwa nyumba. Kuporwa ni mtu akunyang'anye wewe mwenyewe, kwa nguvu au kwa vitisho."

"Mama, televisheni haipo. Jina litairudisha?" Philemoni akaondoka amenuna, na wiki nzima salamu zake zikawa za mdomo wa pembeni.

Sasa, Jumanne moja asubuhi Naserian alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani. Aliporudi kunawa mikono, alimkuta mwanamume mzima jikoni, amekumbatia mtungi wa gesi, bisibisi imechomoza mfukoni.

"Shikamoo, mama," yule mtu akasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba," Naserian naye akajibu, kwa mazoea vilevile.

Wakatazamana. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Huu wa nyuma aliuziba Naserian.

"Nipishe, mama."

"Umeingiaje?"

"Mlango ulikuwa wazi."

"Mwongo. Niliurudishia."

"Niliusukuma kidogo tu."

"Kwa sheria, kusukuma ni kuvunja. Basi mpaka hapa wewe ni mvunja nyumba. Ukinipiga kikumbo upite na huo mtungi, utakuwa mnyang'anyi. Na hiyo bisibisi ukiitoa unitishie nayo, hapo ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Miaka thelathini, baba. Nimewatafsiria wengi hukumu hiyo, na wengi walilia."

Jasho likamtoka yule mtu. Mtungi ulikuwa umejaa.

"Na nikiuweka chini?"

"Unabaki mvunja nyumba."

"Hakuna kidogo zaidi ya hapo?"

"Hakuna."

Akautua taratibu, kama anayeogopa kuvunja vigae. Naserian akasogea pembeni hatua moja, akamwachia mlango. Mtu akachomoka, akaruka ua wa michongoma, suruali ikachanika, akapotelea migombani.

Hapo ndipo Naserian alipokaa sakafuni kando ya mtungi. Philemoni, aliyesikia ua ukivunjika, ndiye aliyemkuta hapo na kumpeleka kituoni.

Njiani akamshauri: "Sema alikutolea bisibisi. Wamfunge mpaka azeeke."

"Hakuitoa."

"Nani atajua?"

"Mimi. Nimekula mshahara wa serikali kwa kusema lililosemwa, bila kuongeza neno. Leo niongeze kwa sababu ni mtungi wangu?"

Kituoni, maelezo yakaandikwa kama Naserian alivyoyatoa. Siku ya nne yule mtu alikamatwa karibu na Makumira akiwa na redio ya watu. Akakiri yote mawili, la redio na la jikoni kwa Naserian, akahukumiwa kwa kuvunja nyumba na kuiba.

Philemoni alileta komeo la chuma kutoka dukani kwake, akalifunga mwenyewe kwenye mlango wa jikoni, na hakutaka hata shilingi. Naserian akamkaangia mayai, akamsimulia upya habari nzima, na safari hii Philemoni alicheka mpaka akapaliwa na chai.