Barua Pepe za Mtoto Wetu

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano nilipojaza kadi katika duka la vifaa vya watoto mjini Morogoro. Miaka ile maduka ya namna hiyo ndiyo yalikuwa yanaanza kufunguliwa, na mimi, mwalimu wa sekondari, nilijivunia kuwa na barua pepe. Niliiandika kwa herufi kubwa, na tarehe niliyotarajia kujifungua. Hakuna aliyeniambia itakwenda wapi, nami sikuuliza.

Mtoto alizaliwa amekufa. Tulimzika Mgeta, kwa wakwe zangu. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akasema, "Pole mwanangu. Usihesabu siku."

Niliporudi kazini nilikwenda intaneti kafe, karibu na soko, kuangalia kama chuo nilichoomba kimenijibu. Nikakuta barua sita. "Hongera mama! Mwanao sasa ana wiki sita. Ameanza kutabasamu." Nilizisoma zote kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi stendi ya Msamvu. Sikulia. Mwishoni paliandikwa pa kubonyeza kama hutaki kuendelea kuzipokea. Nilibonyeza, ukurasa ukagoma kufunguka.

Nikawa nakwenda kila Ijumaa.

"Kwa nini unazifungua?" mume wangu aliniuliza.

"Sijui."

Kweli sikujua.

Barua zilipofika wiki ya kumi na mbili nilikwenda dukani. Dada wa kaunta alinikumbuka.

"Mtoto hajambo?"

"Hatunaye. Naomba mfute jina langu."

Akatoa daftari, akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu. "Ila dada, orodha ilishapelekwa Dar, kwa wauza maziwa ya kopo. Wao ndio wanaotuma."

"Niliwaruhusu?"

Alichukua kadi tupu, akaisoma mbele na nyuma. "Haijaandikwa," alisema. "Hatukuwauliza kina mama."

Siku hizi ipo sheria ya kulinda taarifa za mtu. Wakati ule haikuwapo; dada yule aliwaandikia wauza maziwa barua mbele yangu, akagonga muhuri wa duka, akaniomba radhi mara mbili. Nikasema haina neno.

Barua pepe zilikoma baada ya wiki tatu. Ya mwisho ilisema mtoto sasa anainua kichwa.

Ijumaa iliyofuata nilikuta barua moja tu, ya chuo: nimekubaliwa. Niliichapisha, nikampa mume wangu aisome, nikaenda kuinjika maharage.